Taa ya Aladdin: Jinsi hekaya za Alfu Lela Ulela zinavyogeuzwa kuwa filamu za familia

ALADDIN anayejulikana na watoto wengi duniani huishi Agrabah, jiji la jangwani lenye soko lililofurika watu na kasri yenye makuba yanayometameta. Aladdin wa kitabuni hakuwahi kufika huko. Yeye ni mwana wa mshonaji nguo katika mji mmoja wa Uchina, hana zulia linaloruka, na mchawi anayemhadaa ametoka Afrika.

Tofauti hiyo haikutokana na mtu aliyesoma kitabu vibaya. Ni zao la kazi iliyoendelea kwa zaidi ya miaka 100, yaani kuzigeuza hekaya za Alfu Lela Ulela kuwa filamu ambazo mzazi anaweza kuzitazama pamoja na mwanawe bila kulazimika kumfumba macho.

Kazi hiyo imewapa mamilioni ya watoto burudani na ndoto. Hata hivyo, ina gharama yake, na mara nyingi gharama hiyo imelipwa na watu wale wale ambao hekaya zenyewe zinasimulia maisha yao.

Hekaya zilizosafiri

Kabla ya kuzilaumu au kuzisifu filamu hizi, ni muhimu kufahamu kwamba Alfu Lela Ulela si kitabu cha mwandishi mmoja. Ni mkusanyiko uliokua jinsi mto unavyokua kwa kupokea vijito.

Al-Masudi, mwanahistoria mzaliwa wa Baghdad ambaye alisafiri kwa jahazi hadi pwani ya Afrika Mashariki, aliutaja mkusanyiko huo katika karne ya 10. Alieleza kwamba ulikuwa umetafsiriwa kwa Kiarabu kutoka Kiajemi. Baadaye wasimulizi wa Baghdad, Syria na Cairo waliongeza hadithi zao, kila mmoja kwa ladha ya mji wake.

Kinachozishikilia hadithi hizo pamoja ni kisa cha Shahrazad. Mfalme Shahryar, baada ya kusalitiwa na mkewe, anaapa kuoa mwanamwali kila usiku na kumuua asubuhi. Shahrazad, binti wa waziri, anajitolea kuolewa. Usiku huo anaanza hadithi na kuikatiza alfajiri ikiwa imenoga, na mfalme, kwa hamu ya kusikia mwisho wake, anaahirisha mauaji. Inakuwa hivyo usiku baada ya usiku.

Ulaya ilizipata hekaya hizi kupitia kwa Mfaransa Antoine Galland, ambaye tafsiri yake ilichapishwa kwa juzuu 12 kati ya 1704 na 1717. Galland alitumia mswada wa Kiarabu kutoka Syria, lakini mswada huo haukuwa na hadithi ya Aladdin wala ya Ali Baba.

Hadithi hizo mbili alisimuliwa jijini Paris mwaka wa 1709 na Hanna Diyab, kijana Mkristo wa Kimaroni kutoka Aleppo. Galland alimtaja Diyab katika shajara yake ya siri lakini hakumtaja kitabuni. Kwa muda mrefu, ulimwengu ulimfahamu Aladdin bila kumfahamu aliyemsimulia.

Kumbukumbu ambazo Diyab aliziandika uzeeni zilitambuliwa miaka ya 1990 katika maktaba ya Vatikani. Ndani yake anasimulia jinsi alivyofika katika kasri ya Versailles na kumwona Mfalme Louis wa 14. Baadhi ya watafiti huhisi kwamba fahari ile ndiyo iliyong'arisha kasri ya Aladdin. Kama ni hivyo, basi hekaya inayodhaniwa kuwa ya Kiarabu kabisa ina chembechembe za Ufaransa pia.

Kwa nini sinema ilizikimbilia

Sinema ilipoanza, hekaya hizi zilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza ilivyovitafuta. Georges Méliès, Mfaransa aliyekuwa mfanya mazingaombwe jukwaani kabla ya kushika kamera, alitoa filamu ya kasri la Alfu Lela Ulela mwaka wa 1905. Sababu yake ni rahisi kuelewa: kamera iliweza kumfanya mtu atoweke na jini atokee, na hekaya zilimpa kisingizio cha kufanya hivyo.

Mwaka wa 1924, Mmarekani Douglas Fairbanks aliigiza katika The Thief of Bagdad, filamu iliyoelekezwa na Raoul Walsh. Miaka miwili baadaye, Mjerumani Lotte Reiniger alikamilisha The Adventures of Prince Achmed, ambayo ndiyo filamu ndefu ya vibonzo ya kale zaidi iliyosalia hadi leo.

Reiniger alikata vikaragosi kwa mkasi, akavilaza juu ya kioo kilichomulikwa kutoka chini, akavisogeza kidogo kidogo huku kila hatua ikipigwa picha. Ilimchukua miaka mitatu. Watoto wanaoitazama leo bado humwona farasi wa kichawi akipaa angani, ingawa kilichopo ni kivuli cha karatasi.

Kuna sababu nyingine, ambayo ni ya kibiashara. Hekaya hizi hazina hakimiliki. Kampuni yoyote inaweza kumtumia Aladdin au Sindbad bila kumlipa mtu hata senti. Hata hivyo, mara kampuni inapobuni wahusika wake yenyewe, kama vile jini wa rangi ya samawati au jiji la Agrabah, ubunifu huo huwa mali yake.

Mkasi wa mwelekezi

Hatua ya kwanza ya kuigeuza hekaya kuwa filamu ya familia ni kukata. Alfu Lela Ulela haikutungwa kwa ajili ya watoto. Imejaa mapenzi ya faragha, usaliti na damu.

Katika kisa cha Ali Baba, nduguye Kasim hukatwa vipande vinne na wezi, kisha fundi wa viatu huitwa kuushona mwili wake ili azikwe kama mtu aliyekufa kwa ugonjwa. Mjakazi Morgiana naye huwaua wezi 37 waliojificha ndani ya mitungi kwa kuwamwagia mafuta yanayochemka.

Sindbad si malaika pia. Katika safari yake ya nne anazikwa hai pamoja na maiti ya mkewe, kama desturi ya nchi ile inavyotaka. Ili aendelee kuishi humo pangoni, anawaua wajane wengine wanaoshushwa na kuwanyang'anya chakula chao. Hakuna kampuni inayotengeneza filamu za watoto ambayo ingethubutu kuonyesha hayo.

Kinachokatwa mara nyingi zaidi ni kisa cha Shahrazad mwenyewe. Si rahisi kumweleza mtoto wa miaka saba kwa nini mfalme anawaua wake zake, kwa hivyo msimulizi anaondolewa na hadithi zake zinabaki.

Kuunganisha na kuweka mipaka

Hatua ya pili ni kuunganisha. Hekaya moja mara nyingi haitoshi filamu nzima, hivyo waandishi huchukua kipande hapa na kingine pale.

Mfano bora ni The Thief of Bagdad ya 1940, iliyotayarishwa na Alexander Korda. Ilianza kutengenezwa Uingereza, lakini vita vilipozuka ikahamishiwa Marekani. Ndani yake mna jini aliyefungiwa chupani, ambaye asili yake ni hadithi ya mvuvi. Mna pia farasi anayeruka, aliyetoka hadithi nyingine, na zulia, ambalo kitabuni lilinunuliwa na mwanamfalme Husain na halina uhusiano wowote na Aladdin. Filamu hiyo ilishinda tuzo tatu za Oscar.

Ni filamu hiyo iliyowapa watazamaji mwizi mdogo aitwaye Abu na waziri mwovu aitwaye Jaffar. Kampuni ya Disney ilipotoa Aladdin mwaka wa 1992, majina hayo yalirudi: Abu akawa tumbili na Jafar akabaki kuwa waziri mwovu.

Hapa pana jambo la kusikitisha. Jafar alikuwa mtu wa kweli, waziri wa ukoo wa Barmaki aliyemtumikia Khalifa Harun al-Rashid na kuuawa kwa amri yake mwaka wa 803. Katika hekaya yeye ni mwenzi mwaminifu wa khalifa, anayezunguka naye mitaani usiku wakiwa wamejibadilisha ili wajue hali ya raia. Sinema imemgeuza kuwa alama ya uovu.

Hatua ya tatu ni kuweka mipaka. Kitabuni, jini wa taa hana hesabu ya maombi. Aladdin anaweza kumwita kila siku kwa miaka mingi, na isitoshe ana jini wa pili, wa pete. Filamu haziwezi kustahimili hali hiyo, kwa kuwa shujaa anayepata kila kitu hana taharuki. Ndiyo maana masharti ya maombi matatu yamezoeleka katika filamu. Mtoto anapoona maombi yakipungua, anaanza kuhesabu, na moyo unamdunda.

Jini apata utu

Si kila badiliko ni hasara. Kitabuni, jini wa taa ni mtumwa wa kuogofya asiye na hisia zake. Katika filamu ya 1992 iliyoelekezwa na Ron Clements na John Musker, jini huyo, kwa sauti ya Robin Williams, ni rafiki mcheshi anayetamani uhuru. Swali kubwa la filamu likawa iwapo Aladdin atalitumia ombi lake la mwisho kumkomboa.

Hilo ni funzo ambalo halimo katika hekaya, na lina uzito: mwenye nguvu anapimwa kwa jinsi anavyomtendea anayemtumikia. Filamu hiyo iliongoza kwa mapato duniani kati ya filamu zote za mwaka huo, na ikapata tuzo mbili za Oscar kwa muziki wake.

Binti mfalme naye amebadilika. Kitabuni anaitwa Badr al-Budur, na ingawa hasemi mengi, ndiye anayemtilia mchawi dawa kinywajini. Katika filamu ya 1992 akawa Jasmine, msichana anayekataa kuchaguliwa mume. Katika filamu ya 2019 hatosheki na hilo, anataka kutawala, na mwisho anatawala.

Ufundi pia umeongeza thamani. Katika The 7th Voyage of Sinbad ya 1958, Ray Harryhausen alisogeza vinyago kidogo kidogo na kuvipiga picha moja moja, na picha 24 zilihitajika kwa kila sekunde moja ya filamu. Zimwi la jicho moja na kiunzi cha mifupa kinachopigana kwa upanga vilipata uhai kwa mikono ya mtu mmoja, kabla ya enzi ya kompyuta.

Gharama na wanaoilipa

Filamu ya 1992 ilipotoka, Wamarekani wenye asili ya Kiarabu hawakuifurahia kikamilifu. Wimbo wake wa ufunguzi uliitaja nchi ya Aladdin kuwa mahali ambapo mtu hukatwa sikio iwapo sura yake haipendezi, na kuifunga picha hiyo kwa neno lenye maana ya ushenzi.

Malalamiko hayakuishia kwenye wimbo. Wakosoaji walibainisha kwamba Aladdin na Jasmine walizungumza kwa lafudhi ya Kimarekani, ilhali wachuuzi, askari na waovu walipewa lafudhi za kigeni. Mtoto hakuambiwa kwa maneno nani mwema na nani mbaya, bali sikio lake lilifundishwa.

Baada ya kamati ya Wamarekani Waarabu ya kupambana na ubaguzi kulalamika, mstari wa sikio ulibadilishwa katika kanda za video zilizotolewa mwaka wa 1993. Neno la ushenzi lilibaki, na liliondolewa tu katika filamu mpya ya 2019.

Je, mstari mmoja wa wimbo wa watoto unaweza kudhuru? Desemba 2015, kampuni ya kura za maoni ya Public Policy Polling iliwauliza wapigakura wa mchujo wa chama cha Republican nchini Marekani iwapo wangeunga mkono Agrabah ishambuliwe kwa mabomu. Asilimia 30 walijibu ndiyo. Miongoni mwa wapigakura wa Democratic, asilimia 19 walikubali. Jiji hilo halipo popote isipokuwa katika filamu, lakini jina lenye mlio wa Kiarabu lilitosha.

Njia ya kuukwepa mjadala huo kwa kuwaondoa Waarabu kabisa haikufaulu. Mwaka wa 2003, kampuni ya DreamWorks ilitoa Sinbad: Legend of the Seven Seas, ambamo shujaa si mfanyabiashara wa Baghdad tena. Jiji linalotajwa ni Syracuse na adui ni Eris, mungu wa kike wa Wagiriki. Filamu hiyo ilipata hasara kubwa, na kampuni hiyo ikaachana na filamu ndefu za kuchorwa kwa mkono. Hasara ilikuwa na sababu kadhaa, lakini ni wazi kwamba kumvua Sindbad utamaduni wake hakukumwongezea mvuto.

Disney ilichukua mkondo tofauti mwaka wa 2019. Filamu iliyoelekezwa na Guy Ritchie ilimpa nafasi ya Aladdin Mena Massoud, mzaliwa wa Cairo aliyekulia Canada, na baadhi ya sehemu zilipigwa katika jangwa la Wadi Rum nchini Jordan. Bado kulikuwa na waliolalamika kwamba Agrabah ni mseto wa Uarabuni na India usiotofautisha tamaduni hizo. Hata hivyo, mapato yake yalipita dola bilioni moja.

Pwani pia iligeuza

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kutolishangaa suala hili, kwa kuwa Pwani ya Afrika Mashariki ilizigeuza hekaya hizo zamani kabla ya sinema kuwapo.

Mmishonari Edward Steere alipochapisha mkusanyiko wa ngano za Zanzibar mwaka wa 1870, mojawapo ilikuwa kisa cha Hasibu Karim ad-Din na mfalme wa nyoka, ambacho kina nasaba moja na kile kilichomo katika Alfu Lela Ulela. Wasimulizi wa Zanzibar hawakuwa wakisoma kitabu. Walikuwa wakisimulia kisa kilichokuwa tayari chao.

Mfano ulio wazi zaidi ni Abunuwasi. Abu Nuwas wa kweli alikuwa mshairi wa Baghdad, mashuhuri kwa mashairi ya mvinyo na anasa. Katika Alfu Lela Ulela ni mlevi wa baraza la khalifa. Alipofika Pwani akawa mtu mwingine: mjanja maskini anayewaumbua matajiri na kumshinda sultani kwa hoja. Hekaya za Abunuwasi zimesomwa shuleni na vizazi kadhaa, na hakuna mzazi aliyehitaji kuruka ukurasa.

Kwa maneno mengine, fanani wa Pwani alifanya kile kinachofanywa na mwandishi wa filamu ya familia. Alikata kisichofaa, akahamisha mandhari na kubadilisha mhusika ili alingane na hadhira yake. Tofauti ni kwamba Abunuwasi aliyebadilishwa alitoka akiwa na heshima zaidi machoni pa watoto, ilhali Jafar aliyebadilishwa alitoka akiwa nduli.

Kipimo kinachofaa

Kwa hivyo, kuuliza iwapo filamu imefuata asili si kipimo kizuri. Asili moja haipo, na hekaya zenyewe zimeishi kwa kubadilishwa. Kipimo bora ni kutazama badiliko limemwacha nani akiwa mtu kamili na limemfanya nani kuwa kitisho au kichekesho.

Kwa kipimo hicho, jini aliyepewa utu na Jasmine aliyepewa kiti cha enzi ni mabadiliko mema. Wachuuzi wasio na jina, wanaopunga majambia na kuzungumza kwa lafudhi ya kubuni, ni mabadiliko mabaya. Mambo hayo mawili yanaweza kupatikana ndani ya filamu moja, na mzazi anayeketi na watoto kuitazama anaweza kuwaeleza yote mawili.

Pengo kubwa zaidi bado ni Shahrazad. Ni kweli kwamba kisa chake kina damu, lakini hata ngano za mazimwi zinazosimuliwa watoto kila usiku zina damu. Kiini chake ni kwamba mwanamke asiye na upanga alimzuia mwenye upanga kwa kumfanya atake kujua kitakachofuata. Watengenezaji wa filamu za familia wamekopa taa, pete, zulia na farasi kutoka kwake, lakini wachache wamempa yeye nafasi mbele ya kamera.

Kama kuna filamu ya Alfu Lela Ulela inayosubiri kutengenezwa, iwe Hollywood, Cairo au Mombasa, huenda ni hiyo: ya msimulizi mwenyewe. Hanna Diyab alisubiri muda mrefu kabla ya watu kujua kwamba taa ile ilitoka kinywani mwake. Shahrazad, aliyeanza kazi hii kabla yake, bado anasubiri zamu yake.